Kwa nini viwanda vya kusafisha mafuta hufa wakati magari yanaongezeka

MWEZI Septemba 2013, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilizima mitambo yake baada ya kufanya kazi kwa miaka 50. Hakikuungua wala hakikukosa watumiaji wa petroli. Magari katika barabara za Kenya, Uganda na Rwanda yalikuwa yakiongezeka mwaka hadi mwaka, na meli za mafuta zilikuwa zikiendelea kutia nanga katika bandari ile ile ya Mombasa. Tofauti ni kwamba petroli na dizeli iliyokuwa ndani ya meli hizo ilikuwa imekwisha kusafishwa kwingine, tena kwa gharama nafuu kuliko ile iliyotoka Changamwe.

Kisa hicho ni sehemu ndogo ya hadithi kubwa zaidi. Katika nchi nyingi duniani, uwezo wa mitambo ya kusafisha mafuta ghafi umezidi mahitaji ya soko kwa vipindi virefu, na mahitaji yenyewe yamekuwa yakilegalega. Wapo waliofunga milango, wapo waliogeuza viwanda vyao kuwa maghala, na wapo wanaoendelea kupata faida hata pale wenzao wanapolia.

Kwa wananchi wa Afrika Mashariki, ambao mara kwa mara huahidiwa kwamba kiwanda kipya cha kusafisha mafuta kitateremsha bei ya petroli, dizeli ya trekta na nauli ya daladala, ni muhimu kufahamu kinachowatofautisha wanaopona na wanaokufa.

Hesabu ya pipa moja

Biashara ya kusafisha mafuta haina tofauti kubwa na ile ya mwenye mashine ya kukamua alizeti. Anayekamua alizeti hununua mbegu, akauza mafuta na mashudu, na riziki yake ni ile tofauti inayobaki baada ya kulipa umeme, vibarua na mkopo wa benki. Bei ya mbegu haipangi yeye, na bei ya mafuta sokoni haipangi yeye pia.

Msafishaji wa petroli naye yuko hivyo hivyo. Hununua pipa la mafuta ghafi lenye ujazo wa lita 159, akalichemsha na kulitenganisha kupata gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa na ya ndege, dizeli, na mwishoni mafuta mazito ambayo huchomwa katika tanuri za viwanda na injini za meli, au kutengenezewa lami.

Tatizo ni hayo mafuta mazito. Kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yenyewe. Kwa maana nyingine, kila lita ya mafuta mazito inayotoka kiwandani ni hasara ambayo lazima ifidiwe na petroli na dizeli.

Chukua mfano wa viwanda viwili, kwa hesabu za kufikirika. Vyote vinanunua mafuta ghafi kwa Dola 70 kwa pipa. Kiwanda cha kwanza kina mitambo rahisi. Katika kila mapipa 100 kinapata mapipa 65 ya mafuta mepesi yanayouzwa Dola 85 kila moja, na mapipa 35 ya mafuta mazito yanayouzwa Dola 55. Wastani wa mauzo ni Dola 74.50 kwa pipa, hivyo kinabaki na Dola 4.50. Kikilipa gharama zake za Dola 4, faida ni senti 50 za Dola.

Kiwanda cha pili kina mitambo ya ziada inayovunja mafuta mazito na kuyageuza kuwa dizeli na petroli. Kinapata mapipa 90 ya mafuta mepesi kwa bei ile ile ya Dola 85, na mapipa 10 tu ya masalia ya Dola 40. Mauzo yake ni Dola 80.50 kwa pipa. Ingawa gharama zake ni kubwa zaidi, yaani Dola 6, bado kinabaki na faida ya Dola 4.50.

Sasa mahitaji yapungue, na bei ya mafuta mepesi ishuke kwa Dola 5 wakati mengine yote yamebaki palepale. Kiwanda cha pili kitarudisha gharama zake bila faida wala hasara. Cha kwanza kitapoteza Dola 2.75 kwa kila pipa. Kama kinasafisha mapipa 35,000 kwa siku, ambao ndio uliokuwa uwezo wa Changamwe, hasara itazidi Dola 96,000 kila kunapokucha.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Soko linapokuwa zuri, viwanda vyote viwili vinaonekana vinaendeshwa vyema. Soko linapolegea, ndipo inapofahamika nani alikuwa na mtambo unaofaa na nani alikuwa anaishi kwa bahati.

Mitambo ilivyozidi mahitaji

Kiwanda cha kusafisha mafuta huchukua miaka kadhaa kujengwa na hutumika kwa miongo mingi. Wawekezaji huamua kujenga wakati faida ni kubwa, na kwa kuwa wote huona faida hiyo hiyo kwa wakati mmoja, mitambo yao huanza kazi karibu kwa pamoja, mara nyingi wakati soko limekwisha kupoa.

Katika miaka ya karibuni, kiwanda cha Al-Zour nchini Kuwait chenye uwezo wa mapipa 615,000 kwa siku kilianza uzalishaji mwaka 2022, na kile cha Dangote huko Lekki, Nigeria, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilianza Januari 2024. Kila kimoja kati ya hivyo ni zaidi ya mara 17 ya Changamwe.

Upande wa mahitaji mambo yamekwenda kinyume. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, matumizi ya mafuta duniani yalishuka kwa karibu mapipa milioni 9 kwa siku ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mambo yaligeuka na wasafishaji wakapata faida ambayo hawakuwa wameiona kwa miaka mingi. Lakini neema hiyo haikudumu. Nchini China, nchi iliyotegemewa kukuza mahitaji ya dunia, Julai 2024 zaidi ya nusu ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa mwezi huo yalikuwa ya umeme au yale yanayochanganya umeme na petroli.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mitambo imezidi, kwa nini wasiofaidika wasifunge mara moja? Jibu ni kwamba kufunga nako kuna gharama. Ardhi iliyolowa mafuta kwa miaka 50 lazima isafishwe, wafanyakazi walipwe mafao, na serikali nyingi hazipendi kuonekana zimeua kiwanda. Zaidi ya hapo, gharama nyingi za kiwanda hazipungui kikizalisha kidogo. Riba ya benki, bima, mishahara na ukarabati ni zile zile, mtambo ukiwa umejaa au ukifanya kazi nusu. Kwa hiyo kila mmoja huendelea kuzalisha akitumaini kuwa jirani ndiye atakayechoka kwanza. Wenye mashine za kusaga mahindi katika kijiji chenye mashine nyingi kuliko magunia wanaielewa hali hiyo bila kufundishwa.

Wanaopona wanafanya nini

Njia ya kwanza ni ile iliyoonekana katika hesabu ya hapo juu, yaani kuongeza mitambo ya kuvunja mafuta mazito. Katika sekta hiyo kipo kipimo kilichobuniwa na Mmarekani Wilbur Nelson mwaka 1960, ambacho hutoa alama 1 kwa mtambo wa kuchemsha tu, na alama zaidi kwa kila mtambo wa ziada kulingana na gharama yake. Kampuni ya Reliance ya India inasema kiwanda chake cha Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, kina alama 21.1, kiwango ambacho ni vigumu kukikuta kwingineko. Sehemu ya kwanza ya kiwanda hicho ilianza kazi mwaka 1999 na ya pili mwishoni mwa mwaka 2008, na kwa pamoja husafisha zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku.

Njia ya pili inatokana na ya kwanza, nayo ni kununua mafuta ghafi ambayo wengine hawayataki. Mafuta ghafi mazito na yenye salfa nyingi huuzwa kwa punguzo, kwa kuwa viwanda rahisi haviwezi kuyatengeneza. Mwenye mtambo wa hatua nyingi huyanunua kwa bei hiyo na kutoa dizeli ile ile safi. Viwanda vya India vilionyesha mfano mwingine wa ununuzi huo baada ya mwaka 2022, viliponunua kwa wingi mafuta ya Urusi yaliyouzwa kwa punguzo kutokana na vikwazo vya nchi za Magharibi. Kwa kuwa mafuta ghafi ndiyo gharama kubwa kuliko zote, punguzo la Dola chache kwa pipa linaweza kuwa ndiyo faida yote ya mwaka.

Njia ya tatu ni kubana matumizi ya nishati. Kiwanda cha kusafisha mafuta ni jiko kubwa, na ukiondoa mafuta ghafi yenyewe, nishati ya kuchemshia ndiyo gharama kubwa ya uendeshaji. Viwanda vizuri hutumia joto la mafuta yanayotoka mtamboni kupasha yale yanayoingia, huziba kila penye mvuke unaovuja, na hukarabati mitambo kwa ratiba, wakichagua miezi ambayo faida ni ndogo. Hatua hizo hazihitaji mabilioni ya fedha. Zinahitaji nidhamu na vipimo vya kila siku, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya nne ni kuuza kila kitu kinachotoka mtamboni, hata kile kilichohesabiwa kuwa takataka. Mfano ulio karibu na wakulima ni salfa. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani hutokana na kusafisha mafuta na gesi, kwa sababu sheria za mazingira zinalazimisha iondolewe kwenye dizeli na petroli. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anapopulizia mikorosho yake salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, kuna uwezekano mkubwa kwamba unga huo ulianzia ndani ya pipa la mafuta ghafi. Vivyo hivyo, baadhi ya viwanda vimejiunganisha na vile vya plastiki na kemikali ili, petroli ikikosa soko, sehemu ya pipa igeuzwe kuwa malighafi ya ndoo, mabomba na nguo.

Njia ya tano ni chungu zaidi, nayo ni kupunguza mitambo kwa makubaliano au kwa amri. Japan ndiyo mfano ulio wazi. Idadi ya watu wake inapungua na magari yake hutumia mafuta kidogo. Kuanzia mwaka 2010 serikali iliwataka wasafishaji kuongeza uwiano wa mitambo ya kuvunja mafuta mazito ikilinganishwa na ile ya kuchemsha mafuta ghafi. Kwa kuwa kujenga mitambo mipya ni ghali, wengi walitimiza masharti kwa kufunga mitambo ya zamani. Kampuni nazo ziliungana: Nippon Oil na Nippon Mining zikawa moja mwaka 2010, zikaichukua TonenGeneral mwaka 2017, na Idemitsu ikaungana na Showa Shell mwaka 2019. Waliobaki walikuwa wachache, lakini mitambo yao ilifanya kazi ikiwa imejaa zaidi.

Pale ambapo hapakuwa na mpango wa namna hiyo, soko lilifanya kazi yake bila huruma. Kampuni ya Petroplus, iliyokuwa msafishaji huru mkubwa kuliko wote barani Ulaya, ilifilisika Januari 2012, na kiwanda chake cha Coryton nchini Uingereza kikafungwa mwaka huo huo. Aprili 2025, kiwanda cha Grangemouth huko Scotland, kilichofanya kazi tangu mwaka 1924, nacho kiliacha kusafisha na kugeuzwa ghala la kupokelea mafuta kutoka nje. Wamiliki walisema kisingeweza kushindana na viwanda vipya na vikubwa vya kwingineko.

Kilichoiangusha Mombasa

Ukiisoma hadithi ya Changamwe kwa kutumia njia hizo tano, sababu za kuanguka kwake zinaonekana wazi.

Kampuni ya kiwanda hicho iliundwa mwaka 1960 na Shell na BP kwa jina la East African Oil Refineries, na mtambo wa kwanza ukaanza kazi mwaka 1963. Wa pili ulifuata mwaka 1974. Serikali ya Kenya ilinunua nusu ya hisa mwaka 1971, na baadaye kampuni ikaitwa Kenya Petroleum Refineries. Mitambo ilikuwa ya aina rahisi, iliyotoa mafuta mazito kwa wingi. Ilipojengwa hilo halikuwa kosa, kwani viwanda na mitambo ya umeme ya wakati huo iliyahitaji. Lakini miaka ilipopita, Kenya ilihitaji zaidi dizeli na petroli, na mtambo haukubadilika.

Kilichokiweka hai kwa muda mrefu ni sheria. Kampuni za mafuta zililazimishwa kupitisha sehemu ya mahitaji yao kiwandani hapo na kulipa ujira wa kusafishiwa. Kiwanda chenyewe hakikununua mafuta ghafi wala kuuza petroli, hivyo hasara ya kupanda na kushuka kwa bei haikukigusa. Ilikwenda kwa kampuni za mafuta, na kutoka hapo kwa mwananchi kituoni.

Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa kutoka kwa Shell, BP na Chevron, kukiwa na mpango wa kupanua kiwanda kutoka uwezo wa tani milioni 1.6 hadi tani milioni 4 kwa mwaka. Julai 2012 utaratibu ukabadilishwa. Kiwanda kikaanza kununua mafuta ghafi chenyewe na kuuza kilichosafishwa. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Kampuni za mafuta zililalamika kwamba bidhaa zake zilikuwa ghali kuliko zile za kutoka nje, na zikasita kuzichukua. Mafuta yalikaa kwenye matangi huku fedha zikiwa zimefungwa humo.

Upanuzi ulikadiriwa kugharimu takriban Dola bilioni 1.2. Baada ya kupiga hesabu, Essar iliamua kwamba fedha hizo zisingerudi na Oktoba 2013 ikatangaza kujiondoa. Hata kama ingeendelea, kikwazo kingine kilikuwa njiani: Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa kila sehemu milioni, kiwango ambacho mitambo ya Changamwe haikuundwa kukitimiza.

Jiografia nayo ilichangia. Kiwanda cha pwani kinachotazamana na Ghuba na India hakina ukuta wa kukilinda. Meli ya dizeli kutoka Gujarat au Ghuba hufika Mombasa kwa siku chache. Tena msafishaji mkubwa hununua mafuta ghafi kwa meli za mapipa milioni mbili, wakati Changamwe ilipokea shehena za takriban tani 80,000, sawa na mapipa yasiyozidi laki sita na ushei. Nauli ya kila pipa haiwezi kuwa sawa.

Ghala nalo ni biashara

Kufungwa kwa mitambo hakukuwa mwisho wa Changamwe. Matangi, mabomba na ardhi iliyo jirani na bandari vilibaki na thamani. Kampuni ya bomba la mafuta ya Kenya, KPC, ilianza kukodi matangi hayo mwaka 2017 na kuimiliki kampuni nzima mwaka 2023. Ni katika matangi hayo mafuta ghafi ya Turkana yalihifadhiwa kabla ya shehena ya kwanza ya Kenya kusafirishwa nje, Agosti 2019.

Dar es Salaam ilitangulia katika njia hiyo. Kiwanda cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza mwaka 1966 kwa ubia wa nusu kwa nusu kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya Agip ya Italia, kiliacha kusafisha mafuta karibu na mwaka 2000 na kugeuzwa bohari. Umiliki wake ukawa wa Serikali na kampuni ya Oryx.

Zambia ilifuata. Kiwanda cha Indeni, Ndola, kilikuwa kikipokea mafuta ghafi kwa bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam. Usafishaji ulisitishwa mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba lenyewe likaanza kusafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Afrika Kusini nayo ilipoteza viwanda viwili vya Durban: Engen baada ya moto wa Desemba 2020, na SAPREF mwaka 2022. SAPREF, kilichokuwa na uwezo wa mapipa 180,000 kwa siku, kiliuzwa mwaka 2024 kwa shirika la serikali kwa bei ya randi moja.

Randi moja hiyo inaeleza mengi. Katika soko lililojaa, kiwanda kisicho na faida hakina bei, hata kama kilijengwa kwa mabilioni. Aliyewahi kugeuza matumizi yake aliokoa kitu.

Mbarika badala ya mafuta ghafi

Ipo njia ya sita, nayo inafika mpaka shambani. Kampuni ya Eni ya Italia, ambayo Agip ni jina lake la kibiashara, ilikuwa na viwanda ambavyo havikulipa tena. Badala ya kuvibomoa, ilikigeuza cha Porto Marghera, karibu na Venice, mwaka 2014, na cha Gela, huko Sicily, mwaka 2019, ili visafishe mafuta ya mimea na mafuta ya kula yaliyokwisha kutumika, na kutoa dizeli na mafuta ya ndege yasiyotokana na petroli.

Viwanda hivyo vinahitaji mbegu. Julai 2022, Eni ilizindua kituo cha kukamua mafuta katika kaunti ya Makueni, Kenya, kinachotumia mbegu kama za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, na za pamba. Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta hayo iliondoka Mombasa kwenda Gela. Mwaka 2024, shirika la IFC la Benki ya Dunia na mfuko wa tabianchi wa Italia walitangaza kuweka Dola milioni 210 katika upanuzi wa mradi huo. Mwaka huo huo, hata hivyo, shirika la mazingira la Ulaya la Transport & Environment lilitoa ripoti iliyodai kwamba uzalishaji nchini Kenya na Kongo Brazzaville ulikuwa chini ya matarajio.

Kwa mkulima, mbarika una faida ya kuvumilia ukame na kukubali ardhi isiyofaa kwa mahindi. Lakini una hatari zake. Mbegu zake ni sumu, na mashudu yake hayafai kulishwa mifugo hivi hivi. Mnunuzi akikosekana, familia haiwezi kuyala mavuno. Hivyo ni busara kupanda pembezoni mwa shamba au kwenye eneo lililokaa bure, kuwa na mkataba wa maandishi unaotaja bei ya kilo na siku ya malipo, na kukumbuka kwamba bei hiyo inategemea hesabu ya msafishaji aliye Ulaya, ambaye naye yuko katika soko la ushindani.

Mtihani wa Hoima

Pamoja na yote hayo, Uganda imeendelea na mpango wake wa kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku katika eneo la Hoima. Safari haikuwa rahisi. Kampuni ya RT Global Resources ya Urusi iliyoteuliwa mwaka 2015 haikufika mbali, na makubaliano ya mwaka 2018 na kundi la Albertine Graben yalimalizika mwaka 2023 bila ujenzi. Machi 2025, serikali ilisaini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Dubai, ambayo itakuwa na asilimia 60 na shirika la mafuta la Uganda, UNOC, asilimia 40.

Je, Hoima itakuwa Changamwe nyingine? Si lazima. Hoima ina kitu ambacho Mombasa haikuwa nacho, yaani umbali. Iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na kila lita ya dizeli inayofika Kampala, Kigali au Bunia imelipiwa usafiri wa bomba na malori. Gharama hiyo ni kama ukuta wa kukilinda kiwanda kilicho bara. Isitoshe, mafuta ghafi yatatoka ardhi hiyo hiyo, na hayahitaji kununuliwa kwa meli.

Lakini ukuta huo una kimo chake. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba la EACOP la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto. Kiwanda na bomba vitategemea visima vile vile. Uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku ni sawa na karibu lita bilioni 3.5 kwa mwaka, kiasi kinachozidi matumizi ya Uganda peke yake, hivyo ni lazima Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na kanda za jirani za Kenya na Tanzania zinunue. Zitanunua tu kama bei itakuwa chini ya ile inayotoka Mombasa na Dar es Salaam.

Nigeria imetoa funzo la ziada. Kiwanda cha Dangote, kilichogharimu takriban Dola bilioni 20, ni kipya na kikubwa, lakini kimewahi kulazimika kuagiza mafuta ghafi kutoka Marekani huku kikiwa katika nchi inayochimba mafuta. Oktoba 2024 serikali ilianza utaratibu wa kukiuzia mafuta ghafi kwa naira. Kuwa na mafuta ardhini ni jambo moja, na kuyapata kiwandani kila siku kwa bei inayolipa ni jambo jingine.

Wananchi wanapoambiwa kwamba kiwanda kitajengwa, hawana haja ya kuwa wahandisi ili kuupima mpango huo. Yapo maswali manne yanayotosha. Katika kila mapipa 100, mangapi yatakuwa petroli na dizeli, na mangapi mafuta mazito? Mafuta ghafi yatatoka wapi, na kwa bei ya nani? Mtambo utajaa kwa kiasi gani katika mwaka mbaya? Na je, wanunuzi watakuja kwa hiari yao au kwa kulazimishwa na sheria?

Kama jibu la swali la mwisho ni sheria, basi bei ya petroli haitashuka. Mkulima anayenunua dizeli ya trekta na pampu ya umwagiliaji ndiye atakayekilipia kiwanda hicho, lita kwa lita, kama Wakenya walivyokilipia cha Changamwe kwa miaka mingi kabla ya mitambo yake kuzimwa.